Mwenye simu yake alipe kifurushi sawa na anayekopeshwa simu?

Na Mwandishi Wetu, Katesh

KATIKA maduka ya simu ya Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, na yale ya mjini Mbulu, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, simu janja siku hizi huuzwa kwa njia mbili. Mteja anaweza kulipa fedha taslimu na kuondoka nayo, au akatoa kianzio na kuendelea kulipa kidogo kidogo kila siku hadi deni liishe. Mara nyingi simu mpya ya 4G hutolewa pamoja na ofa ya GB za bure kwa muda fulani, mradi mteja atumie laini ya kampuni inayotoa ofa hiyo.

Jirani yake aliyekwisha kujinunulia simu, pengine kwa kuuza gunia la mahindi au mbuzi mnadani, hapati GB hizo. Anaponunua kifurushi hulipa bei ile ile inayotangazwa kwa wote. Swali linalojitokeza ni hili: je, ni haki mtu aliyeigharamia simu yake mwenyewe alipe huduma ya mtandao kwa bei sawa na yule ambaye simu yake, au sehemu ya matumizi yake, imegharamiwa na kampuni?

Kwa mtazamo wa haraka swali hili laweza kuonekana kuwa la wakazi wa nchi tajiri, ambako mteja husaini mkataba wa miaka miwili na kuletewa ankara kila mwezi. Lakini ukitazama jinsi biashara ya simu inavyobadilika nchini, utaona kwamba suala hilo limekwisha kuingia Hanang na Mbulu, ila limevaa nguo nyingine.

Nchi ya vocha

Ikumbukwe kwamba Tanzania haikukulia katika mikataba. Tangu Mobitel ilipoanza huduma mwaka 1994, na hasa baada ya kuingia Vodacom mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, Watanzania walio wengi wamekuwa wateja wa malipo ya kabla. Mtu hununua simu yake, hununua laini, kisha huweka vocha kadiri ya uwezo wake. Kampuni haimdai, naye haidai kampuni.

Utaratibu huo uliwafaa wakulima na wafugaji. Uliwapa pia uhuru mkubwa, yaani kuhama bila kuomba ruhusa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, lakini kufikia mwisho wa mwaka 2023 laini za simu zilizosajiliwa zilikuwa zaidi ya milioni 70, ingawa miongoni mwa watu hao wamo watoto wasio na simu. Maana yake ni kwamba watu wengi wana laini mbili au tatu. Mmoja hutumia mtandao huu kwa sababu unashika vizuri kijijini kwake, na mwingine kwa sababu ndugu zake wote wako huko au kwa sababu kifurushi chake ni nafuu wiki hiyo.

Katika wilaya hizi mbili sababu ya kwanza ina uzito wa pekee. Nyanda za juu za Mbulu zimejaa milima na mabonde yanayoshuka kuelekea Bonde la Ufa, na huko Hanang mlima wenyewe, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, husimama kama ukuta. Mtandao unaoshika vema Katesh unaweza kufifia ukifika ng'ambo ya kilima. Kwa mkazi wa huku, simu ya laini mbili si anasa.

Gharama ya kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine nayo imeshuka. Ada ambayo kampuni hulipana kwa dakika ilikuwa Sh. 34.92 mwaka 2013, ikashuka hadi Sh. 15.60 mwaka 2018 na Sh. 2.00 mwaka 2022. Tangu Machi 2017 mteja anaweza pia kuhama mtandao bila kubadili namba. Yote hayo yalilenga kumpa mteja uwezo wa kuchagua, na simu anayopewa mtu kwa masharti ya kampuni moja inaweza kuuondoa uwezo huo.

Ruzuku iliyofichwa

Katika nchi zenye mikataba, ruzuku ya simu hufanya kazi hivi. Kampuni humpa mteja simu kwa bei ya chini au bila malipo, kisha hurudisha fedha zake kidogo kidogo kupitia malipo ya mwezi. Simu hiyo si ya bure hata kidogo, kwani bei yake imefichwa ndani ya ankara.

Hapa kwetu mambo ni tofauti kidogo. Anayekopeshwa simu kwa kawaida huilipa yote, tena kwa nyongeza. Tuchukue mfano wa kubuni kwa ajili ya hesabu tu. Simu inauzwa Sh. 200,000 taslimu. Kwa mkopo, mteja anatoa kianzio cha Sh. 40,000 na kulipa Sh. 800 kila siku kwa siku 300. Malipo ya kila siku peke yake yanafika Sh. 240,000. Ukijumlisha na kianzio, mteja amelipa Sh. 280,000, yaani Sh. 80,000 zaidi ya bei ya taslimu.

Sasa tuseme kampuni inamwongezea GB za thamani ya Sh. 5,000 kila mwezi kwa miezi kumi. Hizo ni Sh. 50,000. Je, zimetoka wapi? Huenda zimetoka katika zile Sh. 80,000, na hapo mteja amejilipia mwenyewe bila kujua. Huenda kampuni imezitoa katika faida yake ili kuvutia wateja. Au huenda zimetoka katika mapato ya vifurushi vya wateja wengine wote, akiwamo yule mwenye simu ya zamani. Mteja hana namna ya kujua ipi ndiyo kweli, kwa sababu bei ya simu, gharama ya mkopo na bei ya kifurushi hutangazwa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja.

Nafasi ya kuficha ni kubwa. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliweka mipaka ya bei ya MB moja kuwa kati ya Sh. 2.03 na Sh. 9.35. Kati ya viwango hivyo viwili kuna tofauti ya zaidi ya mara nne. Katika pengo kama hilo simu nzima inaweza kuingia na kutulia bila kuonekana.

Kwamba wananchi huziangalia bei hizo kwa makini si jambo la kubahatisha. Aprili 2, 2021 vifurushi vilipobadilishwa na kuonekana kupanda ghafla, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Serikali iliagiza utaratibu huo mpya usitishwe.

Walikopita wengine

Nchi iliyolijibu swali hili kwa sheria ni Korea Kusini. Sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2014 iliweka kikomo cha ruzuku ya simu, na pia ikatamka kwamba mteja asiyechukua ruzuku hiyo apewe punguzo katika malipo yake ya mwezi. Punguzo lilianza kwa asilimia 12, likapandishwa hadi asilimia 20 mwaka 2015 na asilimia 25 mwaka 2017.

Sheria hiyo haikuwa na mteremko. Wakosoaji walisema kikomo cha ruzuku kilizifanya simu ziwe ghali kwa kila mtu na kuzipunguzia kampuni ushindani. Hatimaye ilifutwa Julai 2025. Hata hivyo, punguzo la asilimia 25 kwa asiyechukua ruzuku lilibakizwa. Wakorea waliona kwamba kuzuia ruzuku kulikuwa na kasoro, lakini kumtendea haki mwenye simu yake hakukuwa na ubaya.

Nchini Marekani mabadiliko yaliletwa na soko. Mwaka 2013 T-Mobile ilitenganisha bei ya huduma na bei ya simu, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2016 washindani wake wakubwa, Verizon na AT&T, walikuwa wameachana na utaratibu wa zamani wa mikataba ya ruzuku. Japani nayo ilirekebisha sheria yake mwaka 2019 ili huduma na simu vitenganishwe.

Uingereza inatoa funzo la aina nyingine. Huko msimamizi wa mawasiliano, Ofcom, alibaini kwamba kulikuwa na wateja walioendelea kulipa kiasi kile kile hata baada ya mkataba kwisha na simu kulipiwa yote. Walikuwa wanailipia simu ambayo tayari ilikuwa mali yao. Tangu Februari 2020 kampuni zinawajibika kumwarifu mteja kwamba mkataba wake unakaribia kumalizika.

Karibu zaidi na kwetu ni Kenya. Mwaka 2020 Safaricom, kwa kushirikiana na Google, ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alitoa kianzio cha Sh. 1,000 za Kenya na kulipa Sh. 20 kwa siku kwa muda wa miezi tisa. Asipolipa, simu hufungwa kutoka mbali. Mpango huo uliwafikishia simu janja watu ambao wasingeweza kutoa fedha zote kwa mkupuo, na umekuwa kielelezo cha mikopo mingi ya simu Afrika Mashariki.

Deni la kila siku, mapato ya msimu

Hapa ndipo hali ya Hanang na Mbulu inapotofautiana na ya Dar es Salaam au Nairobi. Dereva wa bodaboda wa mjini hupata fedha kila siku, hivyo deni la kila siku linaendana na mfuko wake. Mkulima wa mbaazi wa Hanang au wa vitunguu saumu wa Mbulu hupata fedha kwa msimu. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka, mazao huvunwa kuanzia katikati ya mwaka unaofuata, na katikati yake kuna miezi ambayo nyumba huwa na chakula lakini haina fedha. Mfugaji wa Kibarbaig naye huuza ng'ombe siku ya mnada, wala hauzi kipande cha ng'ombe kila asubuhi.

Mkopo unaodai Sh. 800 kila siku hautambui kalenda hiyo. Na hata msimu ukifika, bei si ya kuaminika. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha uagizaji wa mbaazi, wakulima wa Manyara ni miongoni mwa walioumia baada ya bei kuporomoka. Mtu aliyekopa kwa kutegemea zao kama hilo hujikuta na simu iliyofungwa wakati ule ule anapoihitaji kutafuta mnunuzi mwingine.

Simu inayofungwa ina madhara mapana kuliko yale ya redio au kitanda kilichotwaliwa na mkopeshaji. Ndani yake mna akaunti ya fedha, namba za ndugu na njia ya kuita msaada. Wakazi wa Hanang wanalijua hilo. Maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalipoikumba Katesh na vijiji vya jirani Desemba 3, 2023 na kuua watu zaidi ya 80, simu ndiyo iliyokuwa njia ya kwanza ya kuulizana nani yuko hai. Mdai ana haki ya kudai fedha zake, lakini haki hiyo isifike mahali pa kumzuia mtu kupiga simu.

Kwa upande wa pili yupo mwenye simu ya vitufe, maarufu kitochi. Yeye hutuma na kupokea fedha kwa kubonyeza namba za huduma, na hahitaji intaneti kufanya hivyo. GB za bure hazina kazi kwake, wala kwa mwenye simu janja anayeishi penye mawasiliano ya 2G pekee. Iwapo gharama za ofa hizo zinaingizwa katika bei za dakika na ujumbe mfupi, basi mwenye kitochi wa Yaeda Chini anamchangia mnunuzi wa simu janja wa mjini. Huo ni mchango unaotoka kwa asiye nacho kwenda kwa aliye nacho.

Hoja ya kampuni

Kampuni za simu zina hoja isiyopaswa kupuuzwa. Mtandao huongezeka thamani kila mtu mmoja anapojiunga. Mnara uliojengwa kwa ajili ya 4G hauna faida ikiwa wanaouzunguka wana vitochi, na kampuni isiyopata faida haitajenga mnara wa pili. Kwa hiyo kumsaidia mteja kupata simu janja, hata kwa kumpa GB za bure, kunaweza kuwanufaisha majirani zake baadaye.

Aidha, umma wenyewe umekubali kanuni ya kuchangiana. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ili kampuni zifike mahali ambako biashara peke yake isingezipeleka. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Hakuna anayesema mkazi wa mjini amedhulumiwa kwa sababu mnara umejengwa kijijini.

Tofauti ni kwamba ruzuku ya minara imewekwa wazi kisheria, ina fungu lake, na mnara ukisimama unamhudumia kila anayepita chini yake. Ruzuku iliyofichwa katika kifurushi haina sifa hizo. Haijulikani ni kiasi gani, anayeitoa hakuulizwa, na faida yake ya kwanza humwendea mtu mmoja.

Kodi nayo imo

Upo pia upande wa kodi. Muda wa maongezi hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18 pamoja na ushuru wa bidhaa, uliofikia asilimia 17 katika muongo wa 2010. Bei ya simu ikiingizwa ndani ya kifurushi, sehemu hiyo nayo huenda ikahesabiwa kama huduma ya mawasiliano na kubeba ushuru usioihusu. Mteja atakuwa amelipia simu, riba, na ushuru juu yake.

Serikali iliwahi kujaribu njia nyingine. Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ilisamehe VAT kwa simu janja, vishikwambi na modemu ili watu wengi zaidi wafikiwe na intaneti. Mwaka uliofuata msamaha huo uliondolewa. Kwa mnunuzi wa Katesh, ambaye simu humfikia baada ya kupita mikononi mwa mwagizaji, mfanyabiashara wa jumla na mwenye duka, ilikuwa vigumu kutambua kama nafuu ile ilimfikia au ilipotelea njiani. Nafuu isiyoonekana katika bei iliyobandikwa dukani haina wa kuilinda.

Nini kifanyike

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, jibu la swali letu ni ndiyo. Mwenye simu yake anastahili kulipa pungufu pale ambapo bei ya kifurushi inabeba gharama ya simu ya mtu mwingine. Lakini punguzo haliwezi kudaiwa kabla gharama hiyo haijaonekana. Hivyo hatua ya kwanza ni kutenganisha.

Kila mauzo ya simu kwa mkopo yaonyeshe namba nne kwa Kiswahili chepesi: bei ya taslimu, jumla ya marejesho yote, tofauti kati ya hizo mbili, na thamani ya GB zinazotolewa. Mteja ambaye hataki simu, kwa kuwa anayo, apewe nafasi ya kupata thamani hiyo hiyo ya kifurushi akijiunga na laini kwa muda ule ule. Ofa hiyo itamvuta mteja kama ile ya simu inavyomvuta, na kampuni haitakuwa imepoteza kitu.

Pili, marejesho yaruhusiwe kufuata msimu. Vyama vya akiba na mikopo vijijini vimezoea kumkopesha mkulima kabla ya kupanda na kumdai baada ya mavuno. Hakuna sababu mkopeshaji wa simu anayetafuta wateja Dongobesh au Basotu ashindwe kufanya hivyo.

Tatu, simu ya mkopo isinyimwe laini ya pili, na deni likiisha ifunguliwe mara moja bila mteja kusafiri hadi Babati au Arusha kuomba. Wakati wa kudaiwa, kufungwa kwake kusiguse kupiga simu, wala kufikia fedha za mteja mwenyewe.

Tatizo ni kwamba kazi hii iko kati ya ofisi mbili. Bei za vifurushi ziko chini ya TCRA, na biashara ya ukopeshaji iko chini ya Benki Kuu ya Tanzania kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Simu ya mkopo yenye kifurushi ndani yake ni vyote viwili kwa pamoja. Taasisi hizo zisipokaa meza moja, kila moja inaweza kudhani mwenzake ndiye anayeangalia.

Usiku wa Juni 16, 2016 TCRA ilipozima simu bandia, mzigo wa kununua simu nyingine uliwaangukia wenye simu hizo. Wengi waliubeba kimyakimya kwa fedha za mazao na mifugo yao. Watu hao, na wengine kama wao wa Hanang na Mbulu, wamekuwa wakijinunulia simu zao kwa zaidi ya miaka ishirini. Sasa kampuni zinapoanza kugawa simu kwa mkopo na GB kwa jina la bure, wana haki ya kuonyeshwa hesabu, wajue kama na wao wamo miongoni mwa wanaolipa.